Ripoti Inayotoroka Siku ya Kushindwa

 Leo nina maneno na vijana wanaotengeneza tovuti, hasa wale ambao wamekwisha kuweka majaribio yanayojiendesha yenyewe kwenye kivinjari na sasa wanataka majaribio hayo yatoe ripoti. Wewe ambaye hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu, usizime redio. Unapokata tiketi ya basi mtandaoni, unapolipa ada ya mtoto kwa simu ukaona pesa imetoka na risiti haikuja, jua kwamba haya tunayozungumza leo yanakuhusu. Wewe ndiye unayeumia yanapofanywa ovyo.

Tuanze na jaribio lenyewe. Tovuti ina vitufe, ina fomu, ina menyu. Kila msimbo unapobadilishwa, hata neno moja tu, lazima mtu ahakikishe kwamba kilichokuwa kinafanya kazi jana bado kinafanya kazi leo. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mkono: unafungua kivinjari, unaingiza jina na nenosiri, unabonyeza, unatazama, unaandika kwenye karatasi, unarudia. Mwaka 2004 Jason Huggins, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya ThoughtWorks mjini Chicago, alikuwa na programu ya ndani ya kuandikia saa za kazi na matumizi ya fedha, nayo ilihitaji kujaribiwa mara kwa mara. Akatunga chombo cha kukibonyezea kivinjari badala ya binadamu. Ndicho kilichokuja kuwa Selenium. Baadaye Simon Stewart akaleta WebDriver, miradi hiyo miwili ikaungana, na mwaka 2018 shirika la W3C, linalosimamia viwango vya wavuti, likaipitisha WebDriver kuwa kiwango rasmi. Wakaja na wengine pia: Cypress, kisha Playwright ya Microsoft mwaka 2020. Vijana wa leo wengi wameanzia kwa hao wawili.

Sasa, vyombo hivi vyote hujua kusema. Ukiviendesha kwenye kompyuta yako, dirisha la amri linajaa maandishi: alama za kijani kwa jaribio lililopita, nyekundu kwa lililoshindwa, na chini yake aya ndefu ya makosa. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, hayo yanatosha. Lakini majaribio ya kweli hayaendeshwi na mtu aliyekaa. Huendeshwa kwenye seva, mara nyingi usiku, kila msimbo mpya unapoingia. Asubuhi anakuja mtu ambaye hakuwepo. Anaweza kuwa fundi mwenzako, anaweza kuwa meneja, anaweza kuwa mteja aliyelipia tovuti. Huyo hatasoma mistari elfu tatu ya maandishi meusi. Anataka ukurasa mmoja unaomwambia nini kiliharibika, wapi, na skrini ilionekanaje wakati ule. Kazi ya plagini ya ripoti, yaani kiongezi kinachounganishwa na chombo cha majaribio, ni hiyo: kumweleza asiyekuwepo.

Na hoja yangu ya leo ni moja tu. Plagini ya ripoti huwekwa kwa ajili ya siku ambayo majaribio yameshindwa. Wengi huiweka siku ambayo kila kitu ni kijani. Wanaiendesha, wanaona duara zuri la rangi lenye asilimia mia, wanaipiga picha, wanaituma kwenye kundi la WhatsApp la kazini, biashara imekwisha. Hawajawahi kuiona ikitoka siku ya balaa. Ni sawa na mlinzi wa usiku ambaye daftari lake la matukio limejaa usiku wote wa amani, na usiku ule walioingia wezi hauna ukurasa.

Nichukue mfano mmoja niufuate mpaka mwisho: Cypress pamoja na ripoti ya Mochawesome. Nimeuchagua kwa sababu ndio wengi huanza nao, na kwa sababu mitego yake inafundisha.

Cypress imejengwa juu ya Mocha, chombo cha siku nyingi cha kujaribu programu za JavaScript. Mocha tangu zamani inakubali kubadilishiwa mtoa ripoti wake, na Mochawesome ni mmoja wa watoa ripoti hao: anachukua matokeo na kuyageuza kuwa ukurasa wa HTML wenye rangi na michoro. Unaisakinisha kwa npm, chombo cha kusakinishia vifurushi vya JavaScript, unaandika jina lake kwenye faili la usanidi la Cypress, unaendesha majaribio, na kwenye folda unakuta ukurasa. Inachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Hapo ndipo wengi husimama.

Wakisimama hapo wana tatizo ambalo hawalijui. Tangu toleo la 3, Cypress huendesha kila faili la majaribio peke yake, kama safari inayojitegemea. Ukiwa na faili la kuingia, faili la malipo, faili la usajili na faili la kutafuta bidhaa, kila moja humwita mtoa ripoti upya, na kila mara mtoa ripoti huandika kwa jina lile lile. La pili linafuta la kwanza, la tatu linafuta la pili. Unachofungua asubuhi ni ripoti ya faili la mwisho. Malipo yanaweza kuwa yamevunjika vipande vipande, ila kutafuta bidhaa kunafanya kazi, na ukurasa wako ni kijani kitupu. Sioni uongo mbaya kuliko huo, kwa sababu hakuna aliyeusema kwa makusudi.

Dawa ipo. Unamwambia mtoa ripoti asifute cha zamani, aandike faili za data za JSON badala ya ukurasa kamili, kisha zana ya pili iunganishe JSON hizo ziwe moja, na zana ya tatu itengeneze ukurasa. Kuna kifurushi kinachofanya yote hayo kwa pamoja, kinaitwa cypress-mochawesome-reporter, na mimi ningemshauri anayeanza akitumie hicho asijisumbue. Lakini kina sehemu tatu za kugusa, siyo moja: jina lake kwenye usanidi, plagini yake ndani ya kazi inayopokea matukio ya Cypress, na mstari mmoja kwenye faili la usaidizi linalosomwa kabla ya kila jaribio. Mafunzo mengi ya zamani yanakuelekeza kwenye folda ya plagini ambayo tangu toleo la 10, la mwaka 2022, haitumiki tena. Kwa hiyo kabla hujafuata maelezo ya mtu, tazama kwanza yameandikwa kwa toleo gani.

Hapo hapo kuna mwiba mwingine. Cypress kwa muda mrefu imekuwa na tabia ya kukubali msikilizaji mmoja tu kwa kila tukio. Tuseme plagini ya ripoti imejiandikisha kusikia tukio la "mbio zimekwisha", ili ikusanye matokeo. Wewe chini yake ukaandika kazi yako mwenyewe ya kusikia tukio lile lile, labda kwa ajili ya kufuta data za majaribio. Ya kwako inasikika, ya plagini inanyamazishwa, wala hupewi onyo lolote. Waandishi wa kifurushi hicho wanalijua jambo hili na wameweka njia ya kuziita kazi zao ndani ya kazi yako. Imeandikwa kwenye maelezo yao, lakini nani husoma maelezo mpaka chini?

Na usisahau kufagia. Kama folda ya matokeo haisafishwi kabla ya kila mbio, JSON za jana zitaunganishwa na za leo, na utapata ripoti yenye majaribio mengi kuliko uliyoandika. Nikiona idadi inaongezeka wakati hakuna aliyeongeza jaribio, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo.

Msikilizaji, sasa tufike kwenye kiini. Programu yoyote inapomaliza kazi kwenye kompyuta huacha nyuma namba. Sifuri maana yake salama. Namba nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Cypress huacha namba isiyo sifuri jaribio likishindwa, na ni sawa kabisa, kwa sababu ndiyo ishara inayoizuia seva isipeleke msimbo mbovu kwa wateja. Lakini sikiliza kinachotokea. Umeandika amri mbili kwa mfuatano: endesha majaribio, kisha tengeneza ripoti, ukaziunganisha kwa alama mbili za "na". Alama hizo zina maana ya kwamba ya pili ifanyike ikiwa ya kwanza imefaulu. Majaribio yakipita, ripoti inatengenezwa. Majaribio yakishindwa, amri ya pili haiguswi. Kwa maneno mengine, umejenga mtambo unaotoa ripoti siku usiyoihitaji, na unaotoroka siku unayoihitaji.

Wengine wanasema, basi nitatumia utaratibu wa npm wa amri ya baadaye, ile ambayo jina lake linaanza na "post". Haisaidii. Npm nayo haiendeshi amri ya baadaye ikiwa amri kuu imeshindwa. Wajanja zaidi wanaongeza mwishoni mwa amri ya majaribio maneno ya kusema: hata ukishindwa, hesabu kwamba umefaulu. Ripoti inatoka kweli, tena nzuri, yenye mistari myekundu na picha. Ila seva imepokea sifuri. Taa ni ya kijani. Msimbo uliovunja malipo unaruhusiwa kupita na kwenda kwa wateja, huku ripoti inayosema usipite imelala kwenye folda. Kati ya makosa mawili hayo, mimi la pili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa sababu la kwanza angalau lilisimamisha gari.

Njia ya haki ni kutenganisha. Hatua ya majaribio iachwe ishindwe kwa namba yake halisi. Kisha hatua ya ripoti, na hatua ya kuihifadhi ripoti, ziwekewe sharti la kufanyika kwa vyovyote vile. Kila mfumo wa kuendesha majaribio kwenye seva una namna yake. Kwenye GitHub Actions sharti hilo ni neno "always" baada ya "if", kwa sababu bila hilo hatua zote zinazofuata kushindwa hurukwa. Kwenye GitLab ni muhimu zaidi, maana huko kawaida ya mfumo ni kuhifadhi mazao ya kazi pale tu kazi inapofaulu, mpaka wewe useme vinginevyo. Kwenye Jenkins kuna sehemu inayoitwa "post", na ndani yake tena "always". Neno ni moja kote, wala si gumu. Tatizo ni kwamba siku ya kijani huwezi kujua kama umelisahau.

Jenkins ina kituko chake kingine. Ripoti inahifadhiwa vizuri, unaibonyeza, unakutana na ukurasa uliovuliwa nguo: hakuna rangi, hakuna michoro, vitufe havibonyezeki. Watu huilaumu plagini, wanaifuta, wanaisakinisha upya. Plagini haina kosa. Tangu mwishoni mwa 2015 Jenkins huzuia kurasa za ripoti inazozihudumia zisiendeshe JavaScript wala mitindo iliyopachikwa ndani, kwa sababu za usalama. Sheria hiyo inaweza kulegezwa, na wengi huilegeza kwa kunakili amri waliyoikuta mahali. Mimi nadhani ni busara zaidi kuihudumia ripoti kwenye anwani nyingine kuliko kuondoa kufuli kwenye mlango wa seva inayoshika funguo za kampuni.

Nigeukie upande wa anayeisoma ripoti. Kuna chombo kingine maarufu kiitwacho Allure, kilichoanzia kwa kampuni ya Yandex, na kinafanya kazi na Cypress, Playwright, Selenium na vingine vingi. Napenda jambo moja ndani yake. Allure haiweki makosa yote kwenye kapu moja. Jaribio ambalo lilifika mwisho likakuta jibu lisilo sahihi, mfano jumla ya bei imetoka elfu tisa badala ya elfu kumi, linawekwa kundi lake. Jaribio lililoanguka njiani kwa sababu nyingine, pengine mtandao ulikatika au msimbo wa jaribio lenyewe una kasoro, linawekwa kundi jingine. Kwa meneja hiyo ni tofauti kubwa. La kwanza huenda ni tatizo la bidhaa, la pili huenda ni tatizo la mafundi. Onyo dogo tu: ukishaitengeneza ripoti ya Allure, usiibonyeze mara mbili kama unavyofungua picha. Vivinjari havikubali ukurasa uliofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski usome mafaili ya jirani zake, kwa hiyo utaona ukurasa unaozunguka tu bila kupakia. Ifungue kwa amri yake yenyewe, au iweke kwenye seva.

Halafu kuna majaribio vigeugeu, yanayopita leo na kushindwa kesho bila mtu kugusa chochote. Usidhani ni ugonjwa wa wanaoanza. Google mwaka 2016 walieleza wenyewe kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha ugeugeu. Cypress na Playwright hukuruhusu kuliendesha upya jaribio lililoshindwa, na likipita mara ya pili linahesabiwa limepita. Hapa ripoti inaweza kuwa mshirika wa kuficha maradhi. Playwright huliandika jaribio la namna hiyo kwa kundi lake, halichanganyi na lililopita mara ya kwanza, na kile kifurushi cha Mochawesome nilichokitaja kina mpangilio wa kuhifadhi picha za kila jaribu badala ya la mwisho peke yake. Usiuzime. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jaribio linalopita mara ya tatu kila usiku siku moja litakuwa ni malipo ya mteja yanayopita mara ya tatu.

Majina pia. Plagini haitungi maneno, inaonyesha uliyoyaandika wewe. Ukiliita jaribio "jaribio la kumi na nne", ndivyo ripoti itakavyosema, na mkurugenzi hataelewa kitu. Ukiliita "mteja asiye na salio la kutosha anaambiwa hivyo na hakatwi pesa", umemaliza kazi kabla hajauliza. Tena hakuna sheria inayosema majina hayo yawe ya Kiingereza. Kama tovuti ni ya watu wa Mwanza na Mombasa, na anayeisoma ripoti ni mtu wa Mwanza au Mombasa, yaandike kwa Kiswahili. Zana zote nilizozitaja zinayachapa kama yalivyo.

Picha za skrini zinahitaji tahadhari. Jaribio la Cypress likishindwa, picha inayopigwa hujumuisha pia orodha ya amri pembeni, na amri ya kuandika nenosiri huonekana humo pamoja na nenosiri lenyewe, isipokuwa umeiambia amri hiyo isijiandike. Ripoti ikihifadhiwa kwenye GitHub, kwa kawaida hukaa siku 90, na kama mradi ni wa wazi mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuipakua. Kwa hiyo usijaribu kwa data za wateja halisi, hata kama ndizo zilizo karibu na mkono. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake ya taarifa binafsi mwaka 2022, na namba ya simu ya mteja iliyopigwa picha na roboti usiku bado ni namba ya simu ya mteja.

Na kwa sisi wa bando la kupima, uzito nao ni hoja. Kuna mpangilio wa kupachika picha zote ndani ya ukurasa mmoja. Una faida, faili ni moja na linatumika hata kwa barua pepe, lakini picha iliyopachikwa hivyo huongezeka ukubwa kwa kama theluthi moja. Weka picha za yaliyoshindwa tu. Video, ambazo Cypress yenyewe iliacha kuzirekodi bila kuombwa tangu toleo la 13, ziwashe pale zinapohitajika.

Nikumbushe pia saa. Seva nyingi huandika muda wa dunia, ambao uko nyuma yetu kwa saa tatu. Kazi uliyoipangia ianze saa 00:00 ya seva huanza huku kwetu saa tisa usiku, na ripoti yenye saa 21:30 ya tarehe 4 kwetu tayari ni saa sita na nusu usiku, kalenda imeshageuka kuwa tarehe 5. Mtu anayetafuta kosa la jana anaweza kufungua ripoti isiyo yake.

Sasa ombi langu kwako, kijana fundi unayenisikiliza. Kesho, kabla hujamwonyesha mtu yeyote duara la kijani, chukua jaribio moja, badilisha neno moja ndani yake ili lishindwe kwa makusudi, lisukume kwenye seva, kisha mpigie mwenzako ambaye hakuwepo umwombe aifungue ripoti kwa simu yake. Akuambie jaribio gani limeshindwa, picha inaonyesha nini, na taa ya seva ina rangi gani. Akishindwa kukujibu lolote kati ya hayo matatu, plagini yako bado haijawekwa.